Jogoo wa Mguu wa Mulumba

Ninyi vijana wa pikipiki mnaosimama mbele ya gare ya treni hapa Kindu, juzi mliniuliza swali kisha mkakataa kusikiliza jibu. Mwenzenu Eritier alianguka kwenye njia ya Kailo, mguu umevunjika, yuko hospitali na plasta mpaka juu ya goti. Nusu yenu mnataka atolewe pale apelekwe kwa fundi wa mifupa wa kienyeji. Nusu mnasema mafundi hao ni waongo watupu. Mlipiga kelele mpaka abiria wakachoka kungoja, wakaenda zao kwa miguu. Halafu mmoja wenu akanigeukia: "Papa Amisi, weye njo mukubwa hapa. Unaamini dawa ya miti ao hauamini?"

Nikafungua mdomo. Sikufika neno la tatu, mlikuwa mmeshaanza tena.

Basi nimeandika. Karatasi haikatwi maneno. Asomaye asome kwa sauti, na anayetaka kubisha abishe mwisho.

Kwanza, huo ukubwa mnaonipa. Sijafika miaka hamsini. Ila magoti yangu yalistaafu mapema, nami nikayafuata. Kazi yangu ilikuwa baiskeli. Si kupanda baiskeli kama mnavyofikiri. Baiskeli ya mzigo haipandwi, inasukumwa. Miaka ya vita treni haikuja, malori yaliota majani kwenye injini, na chumvi yote mliyokula mkiwa tumboni mwa mama zenu ilipita mikononi mwetu. Tulivuka mto kwa mtumbwi mpaka Alunguli, tukaingia msituni na chumvi, sabuni na vikwembe, yaani vitenge, tukasukuma siku tano au sita mpaka Kama kwa wachimba dhahabu. Tukarudi na mchele, mafuta ya mawese na kuku. Nikisema hivi mnacheka. Lakini leo bado asubuhi nikisikia mvua imekata, miguu inataka kutoka yenyewe. Mke wangu hunishika shati.

Niwaeleze jinsi ya kufunga mzigo, maana siku moja petroli itakosekana na mtanikumbuka. Unatoa pedali zote mbili, la sivyo zitakupiga kwenye miguu mpaka ulie. Unafunga fimbo ndefu kwenye usukani, na fimbo nyingine unaisimamisha nyuma ya kiti. Mkono mmoja unaongoza, mwingine unasukuma. Chumvi inakaa chini, karibu na ardhi, sabuni juu yake, vikwembe juu kabisa ndani ya plastiki. Mzigo mzito ukikaa juu, baiskeli inatembea kama mlevi. Na mteremko haushukwi peke yako. Mmoja anakaa mbele ameshika usukani, mwingine anakaa nyuma ameshika kamba iliyofungwa kwenye keria, anavuta kama anayemzuia mbuzi. Huyo wa nyuma ndiye breki. Kumbukeni hilo, maana ni hapo nilipoharibu.

Yote hayo nilifundishwa na Ramazani, mtu wa Pangi, mfupi, mweusi tii, mwenye mabega ya kubeba nyumba. Ramazani aliamini kila dawa. Alikuwa na majani ya kichwa, maganda ya tumbo, unga wa kuwafanya wanajeshi wasikuone, na kwenye uma wa baiskeli yake alifunga kifuko cheusi cha kuzuia pancha. Lakini vipande vya mpira na gundi ya kuziba tairi alibeba nyingi kuliko sisi sote.

Wa tatu alikuwa Mulumba. Baba yake alitoka Kasai na kazi ya reli, akafia hapa Kindu, akamwachia Mulumba mama na nyumba ndogo ya matofali karibu na gare. Mulumba alikuwa amemaliza sekondari upande wa sayansi, alitaka kuwa injinia, vita ikamkabidhi baiskeli. Alibeba kaye mfukoni, daftari la shule lenye mistari, akaandika kila kitu: mvua, milima, pancha. Yeye hakuamini dawa yoyote isiyokuwa na maandishi kwenye kopo.

Hawa wawili walibishana kutoka Alunguli mpaka Kama. Mimi nilikuwa katikati kwenye mstari, na katikati kwenye mambo yote: nilimwamini yule aliyesema mwisho.

Safari moja, Mulumba alipata pancha nne, Ramazani hakupata hata moja.

"Umeona?" Ramazani akapapasa kifuko chake.

"Nimeona tairi mupya," Mulumba akajibu.

"Na ile tairi mupya nani aliniletea? Dawa!"

Haikupita saa moja, tairi mpya ikapasuka kwa mlio kama bunduki, tukalala chini wote watatu kwa woga. Mulumba akainuka wa kwanza, akafungua kaye, akaandika kwa makini huku akitamka maneno. Ramazani alikuwa anajifuta udongo. "Andika vizuri," akasema. "Andika dawa imechoka. Weye mwenyewe hauchokaka?"

Ndivyo tulivyokwenda.

Sasa mteremko. Kabla ya Kama, mwendo wa siku mbili hivi, kuna mahali njia inashuka mpaka kijito, mteremko mbaya wenye mawe yanayoteleza. Mulumba alikuwa mbele ameshika usukani, baiskeli yake imejaa chumvi. Mimi nyuma na kamba. Ramazani alikuwa ameshashuka na yake, anatungoja chini. Katikati ya mteremko nikakanyaga msafara wa siafu. Mnajua siafu hawaumi mara moja. Wanapanda kwanza, wanajipanga, halafu wanauma kwa pamoja kama waliopewa amri. Nikaachia kamba. Mikono yote miwili ilikuwa ndani ya suruali.

"Amisi, kamba!" Mulumba alipiga kelele.

Kamba ilikuwa inakimbia peke yake kwenye majani. Baiskeli ikamsukuma, ikamwangusha, ikampanda na chumvi yake yote. Nikasikia mlio kama fito kavu inayovunjwa kwa goti.

Mguu wa kushoto, kati ya goti na kifundo, ulikuwa na kona pasipo na kona. Ramazani akaja mbio akaanza kutafuta majani. Mulumba, jasho likimtiririka, ndiye aliyetupa amri. "Acha majani. Angalia ngozi. Imepasuka?" Haikupasuka. "Gusa vidole. Iko moto ao baridi?" Vilikuwa na joto. "Basi damu inapita. Fungeni." Tukachukua fimbo ya usukani, tukaipasua mara mbili, tukafunga mguu katikati kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi. Huo mpira ni bandeji nzuri sana, vijana, mradi msikaze mpaka vidole vigeuke rangi. Hilo mlijue hata ninyi wa pikipiki, maana mnaanguka kuliko sisi.

"Munirudishe Kindu," akasema.

"Kindu iko nyuma ya bunduki," Ramazani akamjibu. Ilikuwa kweli. Tangu jana yake watu waliokuwa wanakimbia kutoka upande wa mto walituambia wanapigana kule, hakuna mtumbwi unaovuka. Kituo cha afya cha kijiji kilichofuata tulikikuta mlango umefungwa kwa kamba, muuguzi amekimbilia msituni na dawa zake. Ramazani akakohoa kidogo. "Iko mama moja hapa mbele," akasema. "Anatengenezaka mifupa."

Mulumba alinitazama mimi. Nilitazama siafu aliyebaki kwenye mkono wangu.

Mama Kibibi tulimkuta anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mwanamke mwembamba, mkali, mikono mirefu kuliko mwili. Hakuuliza majina. Aliutazama mguu, akafuta mikono kwenye kikwembe, akauliza, "Kuku iko wapi?"

"Hatuna njaa, mama," Mulumba akajibu kwa adabu.

"Si ya kula. Ya kuvunja. Weye muntu muume, leta jogoo."

Hapo lazima niwaeleze, maana wengine mmezaliwa mjini. Mafundi wa mifupa wa kwetu huvunja mguu wa kuku upande uleule uliovunjika kwa mgonjwa. Wanawafunga wote wawili vijiti vilevile na dawa ileile. Siku kuku anakanyaga, mgonjwa anakanyaga. Mimi nilinunua jogoo kijijini, wa rangi ya kutu, mwenye kucha moja iliyokatika. Nilijua ni juu yangu kumnunua, na hakuna aliyebisha.

Kwanza Mama Kibibi alimshika Mulumba. Alifumba macho, vidole vikatembea juu ya mfupa kama anayetafuta sindano kwenye godoro, halafu akavuta ghafla. Mulumba alipiga kelele kwa Kiluba cha Kasai. Miaka yote hatukuwahi kumsikia akikisema. Kisha akamchukua jogoo.

"Mama," Mulumba akasema akihema, "na huyu amekosa nini?"

"Na weye ulikosa nini? Mbona umevunjika?"

Mulumba akanitazama tena. Nikatoka nje kuangalia baiskeli.

Alipomaliza aliwalaza wote wawili, mmoja kwenye kitanda cha mianzi, mwingine kwenye kikapu pembeni. "Siku ile jogoo atakanyaga, na weye utakanyaga," akamwambia. "Mbele ya ile siku ukisimama, nitakuvunja ule mwingine."

Siku ya pili Mulumba aliomba kaye yake. Alisema ataandika mambo ya jogoo kila siku, amekula nini, ameamka vipi, ili mwishowe atuonyeshe kwa maandishi kwamba mguu wa mtu na mguu wa kuku haina habari moja na mwingine. Akampa jogoo jina Shefu, kwa heshima ya mkubwa mmoja wa gare aliyemfokea sana baba yake. Ramazani akafurahi, mimi nikafurahi, kazi ikaanza. Wiki ya kwanza aliandika. Wiki ya pili aliandika, na akampa Shefu nusu ya wali wake. Wiki ya tatu, nikiingia asubuhi kumsalimia, swali lake la kwanza lilikuwa, "Shefu amelalaje?" kabla hata hajanijibu yeye amelalaje.

Wakati huo habari zikafika kwamba mto umefunguka. Nikasema sasa tumbebe, hospitali ya Kindu imeanza kupokea watu. Ramazani mwenyewe alikubali. Aliyekataa ni Mulumba.

"Siku nne kwenye baiskeli? Mutanivunja tena. Tungoje Shefu." Akatuona tunatazamana. "Si kwa sababu ninaamini! Ni kwa sababu ya mawe ya njia."

"Tumesikia," Ramazani akasema. "Ya mawe."

Basi nikaamua kupiga safari moja ya Kindu peke yangu. Ramazani abaki na mgonjwa. Nilinunua kuku kijijini, nikawajaza kwenye kikapu kirefu cha kufunga juu ya keria, na kwa sababu kicheche alikuwa anaiba, Mama Kibibi akaniambia nikiweke kikapu jikoni mwake. Jioni mvua kubwa ikanyesha, nyumba aliyolazwa Mulumba ikavuja, na Ramazani, kwa moyo mzuri, akamchukua Shefu akamtumbukiza pamoja na wenzake ili asilowe. Hakuniambia. Mimi mapambazuko nikafunika kikapu kwa majani ya ndizi, nikafunga, nikaondoka nikipiga mbinja.

Nilisafiri siku mbili na mguu wa Mulumba kwenye keria.

Siku ya pili mchana nikafika kwenye kizuizi cha watu wenye silaha. Walikuwa wanne, vijana wenye njaa, na komanda wao amekaa kwenye kiti kilichokatika mgongo. Mmoja akafungua kikapu, akaingiza mkono, akatoa kuku mmoja, wa pili, halafu akatoa jogoo wa rangi ya kutu mwenye bandeji.

"Hii kuku iko na nini?"

Sikuwa na uongo wowote tayari, ukweli ukatoka wenyewe. "Afande, hii si kuku ya kuuza. Hii njo muguu ya rafiki yangu."

Yule kijana alimwachia Shefu kama aliyeshika kaa la moto. Shingoni alikuwa na vifuko vingi kuliko Ramazani. "Komanda! Kuja uone!"

Komanda hakuinuka. Alikuwa mtu aliyesoma, ilionekana. "Kuku ni kuku," akasema. "Weka kwenye sufuria."

"Mukubwa, hii njo ya fundi wa mifupa. Iko na muntu wake."

"Upuuzi. Ninyi munapigana vita na akili ya watoto. Ipike."

Kijana akakuna shingo. "Sawa, mukubwa. Tutapika. Ila nani atakula?"

Komanda akamtazama wa kwanza, naye akatazama chini. Wa pili akasema ana tumbo. Wa tatu akasema kwao hawali jogoo kabisa. Komanda akamtazama Shefu, na Shefu akamtazama komanda kwa jicho moja, akanyanyua mguu wenye vijiti. Mtu yule akapapasa goti lake mwenyewe, polepole, nadhani hakujua kama anapapasa.

"Chukueni zile zingine," akasema. "Na huyu muntu apotee mbele yangu."

Walichukua kuku wote. Nikabaki na mmoja. Nikaiacha baiskeli kwa mkatoliki mmoja mzee wa kijiji cha jirani, nikamtia Shefu ndani ya shati langu, nikarudi nyuma kwa miguu. Sikumwamini wala sikumkataa. Nilijua tu kwamba mara ya kwanza niliachia kamba, na mara hii sitaachia.

Kule nyuma, mambo yalikuwa hivi. Asubuhi niliyoondoka Ramazani alifungua jikoni, hakuona kikapu, akaelewa. Akakimbia kijijini kabla Mulumba hajaamka, akaazima jogoo mwingine wa rangi ileile, mzima kabisa, akamfunga vijiti kwenye mguu wa kushoto, akamlaza kwenye kikapu. Ramazani! Yeye mwenye kuamini! Alinieleza baadaye kwamba alifikiri hivi: dawa itafanya kazi yake popote Shefu alipo, lakini Mulumba akijua Shefu hayuko, moyo utamwanguka. Na moyo hauna vijiti vya kuufunga.

Nilifika uani alasiri. Mulumba amekaa kitandani, mlango wazi, kikapu pembeni, na ndani ya kikapu jogoo mwenye bandeji. Nyuma yake Ramazani alikuwa ananifanyia ishara kwa macho, kwa kichwa, kwa mabega, karibu aanguke.

"Amisi," Mulumba akasema. "Umerudi mbio. Na chini ya shati iko nini?"

"Hakuna kitu."

Shefu akawika.

Jogoo wa kikapuni akamjibu.

Tulisimama hapo, watu watatu na majogoo wawili, na mtu wa kwanza kucheka alikuwa mgonjwa. "Ramazani," akasema, "nilijua tangu asubuhi ile ya kwanza. Shefu iko na kucha moja imekatika. Iko kwenye kaye."

"Mbona haukusema?"

"Ulikuwa unampa maji kwa heshima sana. Niliona nikuache."

"Na weye, mbona tangu ile siku hauli, haulali, unatazama njia tu?" Ramazani alikuwa amekasirika sasa, kama mtu aliyekamatwa. "Si hauamini? Kuku ni kuku!"

"Siamini," Mulumba akasema. "Lakini ni wangu."

Mama Kibibi akaja na mchi mkononi, akatutukana mmoja mmoja, kwa zamu, hakuna aliyesahauliwa. Akamchukua Shefu, akafungua vijiti, akapapasa mfupa. Akamweka chini katikati ya ua.

Shefu akakunja mguu wa kushoto. Akabaki amesimama kwa mguu mmoja, akitikisika.

Tukangoja. Hakukanyaga.

Uso wa Mulumba ulibadilika. Nilimjua mtu huyu miaka mingi, niliwahi kumwona amelala matopeni risasi zikipita, sikuwahi kumwona hivyo. Akasema kwa sauti ndogo, si kwetu, kwa mguu wake: "Kama sitasukuma tena, mama atakula nini?" Mikono yangu ilikuwa mitupu, na niliijua vizuri mikono hiyo.

Sasa, Ramazani alipokuwa anabishana alikuwa ameshamfungua yule jogoo wa kuazima, kwa aibu, ili amrudishe kwa wenyewe. Jogoo huyo alikuwa amelazwa siku nne na vijiti ambavyo hakuvihitaji. Alikuwa na hasira ya siku nne. Akatoka kikapuni, akamwona mgeni wa rangi kama yake amesimama kwa mguu mmoja katikati ya ua, akainua manyoya ya shingo, akamrukia.

Mpaka leo sijui nani alikanyaga kwanza. Ramazani anaapa ni Shefu. Niliona manyoya, vumbi, na Shefu anapiga mateke kwa miguu yote miwili. Halafu nikasikia, "Mwache! Mwache, mushenzi weye!" na Mulumba akapita mbele yangu. Alipita! Hatua moja, mbili, tatu, fimbo juu, bandeji inaburuta chini, akamtia fimbo jogoo wa kuazima mpaka akapaa juu ya paa.

Kisha akasimama. Akatazama chini kwenye miguu yake kama vile ameikuta hapo ni ya mtu mwingine.

"Nani alikuambia kusimama?" Mama Kibibi akapiga kelele. "Keti!"

Akaketi palepale kwenye vumbi, Shefu mapajani, akicheka na kulia kwa wakati mmoja. Nami nilikwenda nyuma ya jiko, kulikuwa na moshi mwingi kule.

Mama Kibibi alimlaza Mulumba wiki mbili nyingine kwa adhabu, na siku ya kuondoka alimzuia Shefu. Desturi ndiyo hiyo, jogoo hubaki kwa fundi na haliwi mpaka azeeke. Mulumba alimpigia Shefu saluti. Mimi nilifikiri anafanya mzaha.

Mnaona basi kwa nini sikuweza kuwajibu kwa maneno matatu. Daktari wa Kindu alipoupima mguu ule baadaye alisema umeunga vizuri, ila umepinda kidogo kwa nje, na kama ungefungwa huku unapigwa picha ya mfupa usingepinda. Ramazani alisikia "umeunga vizuri". Mulumba alisikia "umepinda". Kwa simu wanabishana mpaka leo, mmoja yuko Kama, mwingine yuko pale nyuma ya gare, na wote wawili wananipigia mimi niwaamue. Bado namwamini aliyesema mwisho.

Ila kuhusu Eritier sina katikati. Yeye mfupa ulitokeza nje ya ngozi, niliuona. Wiki zile tulizokaa kwa Mama Kibibi waliletwa wachimba dhahabu wawili. Mmoja alimpokea. Wa pili mfupa ulikuwa nje na homa imeanza, na yule mama alirudi nyuma hatua mbili. "Hii si yangu," akasema. "Mumubebe mpaka hospitali, musilale njiani." Aliyejua kazi yake alijua pia inapoishia. Kwa hiyo mwacheni kijana na plasta yake, na badala ya kubishana mbele ya gare nendeni mkakae naye kwa zamu. Kitandani siku ni ndefu, na anayelala peke yake huinuka kabla ya wakati.

Nimalizie na siku tuliyomrudisha nyumbani. Tulivuka mto, tukapanda mtaa wa gare. Mama yake alikuwa mlangoni. Alikuwa mtu wa kanisa sana, wa wimbo na ushirika wa akina mama, hatukumwambia habari za Mama Kibibi zaidi ya "alitunzwa vizuri". Alimwona mwanawe anakuja kwa miguu yake, anachechemea kidogo, anasukuma baiskeli mwenyewe maana alikataa tumsaidie, na mama akakaa chini kwenye kizingiti. Kisha akainuka. Alikwenda nyuma ya nyumba, akachinja kuku.

Alipika kwa mawese na pilipili, tukakaa wote watatu mezani. Paja likawekwa kwenye sahani ya Mulumba kwa sababu yeye ndiye aliyetoka mbali. Paja la kushoto au la kulia, sijui. Mulumba alilitazama muda mrefu, kijiko mkononi. Alikuwa mtu wa sayansi. Kisha akalisogeza taratibu kwenye sahani ya Ramazani.

"Sina hamu leo," akasema. "Nitakula wali."

Na Ramazani, muumini wetu, akala paja lile, akala na lake, akavunja mfupa kwa meno apate uboho, akaomba mchuzi.